Mjumbe wa Saba Hana Mchumba

Nilikanwa mbele ya watu watano, na aliyesoma maneno ya kunikana nilikuwa mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, nimesimama wima kama mwanafunzi anayesoma insha.

Ndiyo kazi yangu. Mimi ni katibu wa kamati ya uteuzi katika ofisi ya jiji. Kwetu, kabla jina la mtu halijapelekwa kwa Meya, bahasha yake hufunguliwa mezani, katibu akasoma tamko lake neno kwa neno, kamati ikasikia, kisha mikono ikanyooshwa. Siku hiyo tulikuwa tunamalizia kikosi kazi cha sera ya makazi. Viti kumi na kimoja. Wenye nyumba wana viti vitatu, benki wana viwili, wahandisi, wanasheria, chuo kikuu, kila mwenye tai na kiti chake. Wapangaji, ambao ni zaidi ya nusu ya jiji, wana kiti kimoja tu, cha saba. Na hicho kimoja nilikipigania mwaka mzima, barua juu ya barua, mpaka mkuu wangu wa kazi akaniuliza kama nimepewa ahadi ya kuzikwa humo.

Nikaifungua bahasha ya saba. Jina nililijua kuliko langu, ingawa mjini hakuna anayelitumia. Watu humwita Fundi, kwa sababu ni fundi bomba, na hakuna jengo la kupanga ambalo hajawahi kulala chali chini ya sinki lake. Wapangaji wenyewe ndio waliomchagua. Mimi sikutia mkono, na Mungu ni shahidi.

"Mimi mwenye jina hapo juu," nikasoma, "natamka kwamba sina ndugu, mke wala mchumba aliyeajiriwa na ofisi ya jiji."

Neno "mchumba" lilinikaba. Nikakohoa.

"Maji, Katibu?" akauliza Mama Mwenyekiti akinitazama juu ya miwani.

"Hapana, Mama Mwenyekiti. Vumbi tu."

"Basi endelea."

Sikuwa na la kuendelea nalo. Chini ya maneno yale kulikuwa na saini yake, ile yenye mkia mrefu, ambayo ninayo kwenye kadi tatu za siku yangu ya kuzaliwa.

"Wanaokubali?"

Mikono mitano ikanyooshwa. Nami nikajikaza kisabuni, nikaandika kwenye muhtasari: mjumbe wa saba amepitishwa bila kupingwa.

Nicheke au nilie? Nilitarajia kusoma jina langu. Kanuni haimfukuzi anayesema kweli. Mteuliwa akitamka kwamba mchumba wake yuko ofisini, kamati humpigia kura upya, na huyo mchumba huhamishwa idara. Mimi nilikuwa tayari kuhamishwa. Jana yake nilikwisha safisha droo yangu, nikagawa kalamu zangu, nikamwambia karani wa masjala, yule tunayemwita Redio, kwamba huenda akanipata jirani kule kwenye ghala la majalada. Nilisafisha droo kwa ajili ya mwanamume ambaye, kwa maandishi, hanijui.

Kosa langu nalikiri. Tangu siku wapangaji walipompendekeza, nilimpiga marufuku kuniuliza lolote la orodha ile. "Ukinitajia kikosi kazi, nakuacha kwenye mataa," nilimwambia, na sikuwa natania. Nilitaka mikono yangu iwe safi. Kwa hiyo mwezi mzima tulizungumza mvua, sabuni, na viatu vyake vinavyonuka, na hilo kubwa likakaa katikati yetu bila mtu kuligusa. Nilidhani halihitaji kuguswa. Mtu anayekuja nyumbani kwenu Jumapili kujitambulisha kwa wazazi wako, utamkumbusha kwamba yeye ni mchumba wako?

Ndiyo, Jumapili. Keshokutwa. Baba yangu, mwalimu mstaafu, alichukua miaka mitatu kulimeza neno "fundi bomba". Alisema amenisomesha kwa chaki na mafua, si ili nimpe mkwe anayeingilia mlango wa nyuma. Miaka mitatu mimi na mama tumemzunguka, tumembembeleza, tumenuna, tumeacha kununa. Mwezi uliopita akasema, bila kuinua macho kwenye gazeti, "Basi na aje tumwone." Na hii ilikuwa mara ya tatu kupanga. Mara ya kwanza Fundi aliahirisha kwa sababu ya mafunzo, mara ya pili kwa sababu ya mkutano wa wapangaji.

Kikao kilivunjika saa saba na nusu. Meya angesaini saa kumi. Mpaka hapo mteuliwa anaruhusiwa kusahihisha tamko lake mwenyewe, bila adhabu, kwa fomu ya marekebisho ya ukurasa mmoja. Baada ya saini ya Meya, tamko la uongo ni kufukuzwa na jina kutangazwa. Nikachukua fomu, nikaikunja ndani ya mkoba, nikatoka.

"Umepauka," Redio akaniambia mlangoni. "Nani kafa?"

"Bado," nikasema.

Nilimkuta kwenye lile jengo la ghorofa nne nyuma ya soko la nguo. Maji yalikuwa yamekatika siku ya tano, na korido ya chini ilipangwa ndoo mpaka kwenye ngazi, kila ndoo na jina la mwenyewe kwa rangi ya kucha. Fundi alikuwa chini ya ngazi, kichwa ndani ya shimo la bomba kuu, miguu nje. Miguu ile ningeitambua hata kwenye umati.

"Toka humo," nikasema.

Miguu ikatulia. Kisha akatoka kidogo kidogo, mabega, shingo, na uso wenye tope shavuni. Aliponiona akatabasamu tabasamu lile linaloanzia jicho la kushoto, na moyo wangu mjinga ukaruka kama haukuwepo kwenye kikao.

"Katibu! Umekuja kunipongeza mwenyewe? Nimepita?"

"Umepita. Bila kupingwa."

Akaniinukia, mikono imetanuka. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nimekusoma," nikasema. "Neno kwa neno. 'Sina mke wala mchumba.' Unajua nani husoma?"

Tabasamu likaondoka. "Nani?"

"Katibu."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti! Mbele ya kamati nzima! Mama Mwenyekiti akaniuliza kama nataka maji."

Akaufuta uso kwa kiganja, tope likaenea zaidi. "Sikujua. Wallahi sikujua kama husomwa. Nilidhani ni karatasi inayokwenda kulala kwenye faili."

"Kwa hiyo ningekanwa faili likiwa limefungwa, ingekuwa sawa?"

"Sijakukana. Ni karatasi tu, mpenzi."

"Mimi nafanya kazi na karatasi. Ukikosewa herufi moja kwenye karatasi, huzikwi, huoi, husafiri. Usiniambie karatasi tu."

Mama mmoja alipita na ndoo, akatuangalia mmoja mmoja, akapunguza mwendo. Fundi akamwamkia, akamwambia maji yako njiani. Akanivuta mkono mpaka pembeni, kwenye masanduku ya mita za umeme, tukasimama karibu mno. Alinuka gundi ya mabomba, harufu ambayo kwa miaka mitatu ndiyo imekuwa harufu ya jioni zangu. Nikaichukia.

"Nisikilize," akasema taratibu. "Kanuni nimeisoma. Nikikutaja, wanapiga kura upya. Na unajua nani ni mjumbe wa akiba?"

Nilijua. Ni shemeji wa makamu mwenyekiti wa kamati yetu, mtu mwenye maghorofa mawili, ambaye mara ya mwisho kupanga chumba alikuwa chuoni.

"Makamu anatafuta upenyo tu," akaendelea. "Ningempa mimi mwenyewe? Ningemwambia, haya, nimelala na katibu wa kamati, nitoeni?"

"Usiseme hivyo. Si kulala. Tunaoana."

"Kwao ni hivyo hivyo. Na wewe wangekutupa ghalani."

"Nilishasafisha droo."

Akanitazama. "Umefanya nini?"

"Nimesafisha droo yangu. Jana. Nilijua utanitaja."

Macho yake yalishuka kwenye midomo yangu, yakapanda, yakaenda pembeni. Alikuwa ameumia, nami nilifurahi kwamba ameumia, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniuliza."

"Ulinikataza!"

"Nilikukataza kuuliza habari za orodha. Sikukukataza kunipenda!"

Nilipandisha sauti. Juu yetu mlango ukafunguka, ukafungwa polepole. Jengo zima lilikuwa linatusikiliza, na kwa nini lisisikilize, maji hakuna, umeme mara moja moja, angalau wapate burudani.

Nikatoa fomu mkobani, nikaikunjua juu ya sanduku la mita. "Una muda mpaka saa kumi. Hii ni fomu ya marekebisho. Andika hapa kwamba una mchumba, andika jina langu, tia saini. Hakuna adhabu. Nitaipeleka mwenyewe."

"Na kura?"

"Watapiga. Mama Mwenyekiti ni mtu wa haki. Watu wawili watakuwa nawe."

"Kati ya watano."

"Ndiyo, kati ya watano."

"Kwa hiyo nitapoteza."

"Huenda."

"Huenda," akarudia, kama anaonja kitu kichungu. "Tazama hapa. Humu mna familia arobaini. Yule mama wa ghorofa ya tatu ana mguu mbovu, anapanda na ndoo ngazi hamsini na mbili. Kodi imepanda mara mbili mwaka huu na bomba ni lile lile la enzi za babu yangu. Hakuna mpangaji aliyewahi kukaa meza moja na hao watu. Hata mmoja! Wewe ndiye uliyenieleza hayo, kabla sijajua kuna kitu kinaitwa sera. Kiti hiki umekijenga wewe."

"Najua nani kakijenga."

"Basi nivumilie. Kikosi kazi ni miaka miwili. Miaka miwili tu, tukae kimya, kisha tunafunga ndoa mchana kweupe, hata huyo makamu aje acheze. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu ikikaa sana huoza, Fundi. Nina miaka thelathini na nne."

"Nami nina thelathini na nane. Tutaoza pamoja."

Alitaka nicheke. Siku nyingine ningecheka, maana ndivyo anavyonishinda kila mara, hunichekesha kwanza, halafu naona nimekwisha kukubali.

"Na Jumapili?" nikauliza.

Akainamisha kichwa.

"Nimekuuliza. Na Jumapili? Nimwambie nini baba? Kwamba mgeni wake kaandika kwa mkono wake kwamba sipo?"

"Mwambie nimeitwa kazini. Mzee wako hatakufa kwa kungoja."

Pale ndipo damu ilipochemka. "Mzee wangu kangoja mara mbili! Mara mbili amevaa lile koti lake, akakaa sebuleni tangu saa nne, na mara mbili nimepiga simu kumwambia alivue. Unajua aliniambia nini mara ya pili? Hakusema kitu. Baba yangu, ambaye ana la kusema hata kuhusu hali ya hewa!"

"Nimekosea. Lile neno nimelikosea."

"Saini, basi."

Nikampa kalamu. Aliipokea. Akajifuta mkono kwenye suruali, akaisogeza fomu, akainama. Niliiona ncha ya kalamu ikigusa mstari. Aliandika herufi ya kwanza ya jina langu, kubwa na ya duara, kwa uangalifu wa mtu asiyependa kuandika. Naapa katika maisha yangu sijawahi kumpenda kama dakika ile. Nilimwona shingo, nywele zilizoanza mvi nyuma ya sikio, na nikasema moyoni, hata nikipelekwa ghalani nihesabu panya, nitakwenda nikiimba.

Hapo bomba likakohoa ukutani. Likakohoa tena, likanguruma, na ghorofani mtu akapiga kelele: "Yametokaaa!" Milango ikafunguka jengo zima. Tukasikia ndoo, kandambili, watoto, vigelegele. "Fundi! Maji yametoka! Mungu akubariki, Fundi! Mjumbe wetu!" Yule mama mwenye mguu mbovu aliinama kwenye reli ya ghorofa ya tatu, amejishika kwa mikono miwili, analia na kucheka.

Fundi aliinua uso akawatazama. Akawatazama muda mrefu. Kisha akaifunika kalamu kifuniko chake, akaniwekea kiganjani, akaukunja mkono wangu juu yake.

"Siwezi," akasema. "Nisamehe. Siwezi kuwafanyia hivi."

Ningekuwa na mwanamume mwovu mbele yangu ningejua la kufanya. Ningemtukana, ningempiga mkoba. Lakini alikuwa mtu mwema anayeniacha kwa sababu njema, na hiyo nakuambieni ni karaha isiyo na dawa. Nilitamani hata awe na mwanamke mwingine. Angalau ningemng'oa nywele.

"Sawa," nikasema.

"Sawa nini?"

"Saa kumi Meya atasaini kwamba huna mchumba. Mimi ndiye nitakayemfungulia ukurasa. Sitamsainisha uongo."

Nikatoa funguo zangu. Ufunguo wa chumba chake ulikuwa kwenye pete ile ile ya chuma pamoja na za ofisi, na ile pete ilikuwa ngumu. Nikavuta, haikufunguka. Nikajaribu kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Nikasonya. Machozi yalikuwa yananiziba macho, na kile kichuma kilikuwa kinanicheza shere.

"Lete," akasema kwa mazoea, akanyoosha koleo lake, akaitanua pete kidogo, akauchomoa ufunguo kwa ustadi, akanirudishia zilizobaki. Ndipo akaona alichokishika.

Akaniangalia. Koleo mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine.

"Usifanye hivi," akasema. "Katibu. Mpenzi. Ni miaka miwili tu."

"Kila mara ni 'tu'. Mafunzo tu, mkutano tu, karatasi tu, miaka miwili tu. Nimechoka kuwa mtu wa mwisho kwenye foleni yako, hata kama foleni ni ya watu wazuri."

"Unanipenda?"

"Nakupenda, shetani wewe. Hilo si swali."

Nikaondoka kati ya ndoo. Watoto walikuwa wanarushiana maji mlangoni, wakanilowesha sketi, nami sikuwa na nguvu ya kuwagombeza. Alinifuata mpaka kizingitini. Hakuvuka. Watu walikwisha mzunguka, wanampa mikono.

Saa kumi kamili nilikuwa nimesimama mezani kwa Meya, sketi mbichi, nikimfungulia kurasa moja moja. Alisaini la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la saba akasita. "Huyu ndiye fundi bomba?" akauliza.

"Ndiye, Mheshimiwa."

"Unamfahamu? Ni mtu wa kweli?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nililipwa kujibu sawasawa. "Ukimpa watu wake awatetee, hatawauza," nikasema.

Akasaini.

Nilipotoka nilikwenda kwenye ngazi za dharura, ambako sisi watumishi wote hulia zamu kwa zamu, nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona saa za kazi? Kwema?"

"Kwema. Baba, mgeni wa Jumapili haji."

Nilingoja "nilikwambia". Nilikuwa nimejiandaa nalo, nimelikazia tumbo.

"Kapata dharura?" akauliza.

"Hapana, baba. Haji tena. Yamekwisha."

"Yamekwishaje? Kama ni kwa yale maneno yangu ya zamani, ya mlango wa nyuma, mwambie nimeyafuta. Nipe namba yake nimwambie mwenyewe."

"Si wewe, baba. Haki ya Mungu si wewe."

Akapumua kwenye simu. Baba akipumua hivyo huwa anatafuta miwani ambayo iko kichwani kwake.

"Bomba la jikoni linavuja," akasema. "Tangu mwezi uliopita. Mama yako kila asubuhi ananung'unika, ndoo imejaa, ndoo imejaa. Mafundi wawili nimewarudisha getini. Nilisema hili litatengenezwa na mwenyewe. Nikanunua na tochi mpya. Nilitaka alale pale chini, mimi nimshikie taa, tuzungumze. Mtu na mkwewe wakikaa sebuleni wataambiana nini? Lakini pale nilijua tutazungumza."

Nilibana mdomo kwa mkono ule wenye ukucha uliovunjika.

"Haya," akasema baba. "Usilie kazini. Lakini mama yako mwambie wewe mwenyewe. Mimi siwezi."

Nikasikia kandambili zake zikijikokota sakafuni kuelekea jikoni, na sauti ya mama ikiuliza ni nani.